Nafasi Tupu Chini ya Ukurasa

Mvua ya Puerto Montt haibishi hodi,
inaingia na wateja, juu ya mabega yao.
Ercilia Paillacar aliingia nayo saa nne kasorobo,
namba thelathini na moja kiganjani,
na ile harufu ya samoni
ambayo sabuni ilikwisha kuinyooshea mikono.

Mimi ni karani wa ofisi ya mihuri.
Nasoma kwa sauti, nauliza "Umeelewa?",
naelekeza kidole pa kutia saini, nagonga.
Kushauri si kazi yangu.
Limebandikwa ukutani hilo, kwa herufi kubwa.

Nikasoma:
*Mimi niliyetajwa hapo juu,
baada ya miaka tisa na miezi miwili
ya kupasua minofu kwenye mstari wa tatu,
nimeacha kazi kwa hiari yangu…*
Akacheka, puani tu.
"Hiari hiyo," akasema, "mtoto wa nani?"

Likizo isiyotumika: siku sita.
"Ishirini."
Sita, mama. Ndivyo ilivyoandikwa.
"Kumi na nne nilikuwa naumwa. Cheti hiki hapa.
Mkono umefungwa ubao, binti yangu ananikatia mkate.
Wao wameziita likizo.
Likizo gani hiyo, mtu anaamka usiku wa manane
kuukung'uta mkono kama kipimajoto?"

Sikuwa na jibu, nikashuka kwenye makato.
Buti, jozi moja. Aproni.
Kisu kimoja, kilichopotea.

"Hakikupotea," akasema. "Kiliisha.
Kitu ukikinoa miaka tisa,
unadhani kinakwenda wapi?"

Nyuma yake, bwana Gatica wa kampuni,
mwavuli mkavu (alikuja kwa gari),
bahasha ya hundi juu ya goti.
"Atie saini achukue. Asipotia, narudi nayo."
Alisema hivyo bila kuinua macho kwenye simu,
kama mtu anayetaja bei ya viazi.

Mkono mtupu haulambwi, ni kweli.
Lakini wa Ercilia haukuwa mtupu:
ulikuwa umejaa sindano
kuanzia kidole gumba hadi kiwiko.

Mwezi huu nimegonga mia mbili na ushei.
Watu husaini upesi, kama wanaomeza shubiri,
kisha huuliza benki inafungwa saa ngapi.
Nami huwajibu. Saa nane, huwaambia.
Hilo linaruhusiwa.

Siku ile sijui nini kilinipata.
Niliigeuza karatasi ikamtazama yeye,
nikavua kifuniko cha kalamu,
nikailaza kalamu chini kabisa,
pale ukurasa unapobaki mweupe.
"Hapa pana nafasi," nikasema.
"Wako wanaoandika."

Simu ya Gatica ikanyamaza.

Akaandika kwa mkono wa kushoto,
kwa kuwa wa kulia ulikuwa umekufa ganzi.
Herufi zililegea kama nguo kwenye kamba,
mstari ulipanda mlima, ukashuka, ukapanda tena:

*Napokea hizi. Siku kumi na nne bado nazidai.
Cheti ninacho. Na kisu pia.*

Kisha saini. Kisha muhuri wangu.

"Umemshauri," akasema Gatica.
Nimemwonyesha karatasi, nikasema.
Karatasi ni ya kwenu.

Ercilia aliomba nakala mbili,
akazilipia sarafu kwa sarafu,
akazitia ndani ya sweta, zigusane na ngozi;
hundi akaiacha mfukoni mwa koti, ilowe ikitaka.

Kama atalipwa, sijui.
Madai husafiri polepole katika mji huu,
na mwenye njaa hatembei mwendo wa faili.

Namba thelathini na mbili! nikaita.
Akasogea mwokaji mmoja, anakohoa,
bahasha yake bado haijafunguliwa.
Nikanyanyua muhuri,
nikaurudisha mezani kwanza,
nikajikuta naukung'uta mkono.